Ujana ni Moshi? Barua ya Wazi kwa Mnaosubiri Vijana Wazeeke

Kwa Waziri wa Hazina ya Kitaifa, Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Ushuru, na waheshimiwa wabunge wetu wa Kisumu,

Salamu kutoka Kibuye. Nawaandikia nikiwa dukani, kwenye kaunta ninayopimia misumari, kwa hiyo mkiona mstari umekatika ghafla mjue mteja ameingia.

Majuzi nilikwenda mazishini Seme. Mnajua mazishi yetu huku ni bunge la pili: marehemu hupewa dakika kumi, wanasiasa hupewa saa tatu. Kiongozi mmoja, ambaye simtaji kwa kuwa alisema hadharani yale ambayo wengi wenu mnasemea faraghani, aliulizwa na mzee wa boma kuhusu hawa vijana wa Gen Z. Akacheka. "Waacheni hao," akasema. "Ujana ni moshi. Ngojeni wapate kazi, waanze kukatwa ushuru, wanunue ploti. Mtawaona wametulia kama sisi." Hema nzima ikaangua kicheko. Mimi pia nilicheka, tena kwa sauti, kwa sababu mtu yule alikuwa anasimulia maisha yangu bila kujua.

Matatu ilipofika Kisian kicheko kilikuwa kimeshanigeuka. Nikaona afadhali niwaandikie nyinyi ambao huenda mnapanga bajeti ya nchi kwa imani hiyo.

Nianze na ushahidi unaowafaa. Nina miaka 52. Februari 1990, mwili wa Waziri Robert Ouko ulipopatikana karibu na kilima cha Got Alila, nilikuwa mwanafunzi wa sekondari, na tuliruka ua la shule tukaingia barabarani. Julai 1997, siku ya Saba Saba, nilikuwa nauza mitumba, na nilikuwa mbele kabisa pale Kondele tukidai mabadiliko ya katiba. Leo nina hadwea na vyumba vinane vya kupangisha Manyatta. Nikisikia neno maandamano, kitu cha kwanza kunijia kichwani ni kufuli.

Kilichonibadilisha nakijua. Mwisho wa Desemba 2007 nilikuwa barabarani na wenzangu nikipaza sauti kwamba kura zimeibwa, na saa hiyohiyo kibanda changu kilikuwa kinaungua. Aliyekichoma hakuwa na habari kuwa mwenyewe yuko mtaa wa pili akiimba wimbo uleule. Tangu siku hiyo mimi ni mtu wa kufunga mapema.

Kwa hiyo kiongozi wa Seme akinitazama ataona mhafidhina kamili. Sawa. Ila neno lenyewe linatokana na kuhifadhi, na huwezi kuhifadhi usichokuwa nacho. Mimi nilipata kitu ndipo nikaanza kukilinda. Ushuru haukunipa kitu hicho. Nilikipata kwa mitumba, kwa chama cha akina mama ambacho mke wangu alikuwa mweka hazina, na kwa bati moja moja. Na mawazo yangu kuhusu namna nchi hii inavyoendeshwa ni yaleyale ya 1997. Nayasemea tu ndani ya duka. Mnapomwona mtu wa umri wangu amenyamaza, msiandike kwamba amekubali.

Sasa niwaambie jambo ambalo wenye nyumba wenzangu hawatapenda. Sheria ya Fedha ya 2023 ilipandisha VAT ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16, na kila mtu anaikumbuka kwa hilo. Wachache wanakumbuka kwamba sheria hiyohiyo ilitushushia sisi wapangishaji wadogo ushuru wa mapato ya nyumba, kutoka asilimia 10 hadi 7.5, kuanzia Januari 2024. Vyumba vyangu ni shilingi 4,500 kila kimoja. Vikijaa vyote napata 36,000 kwa mwezi. Zamani nilitoa 3,600. Sasa natoa 2,700. Shilingi 900 zinabaki mfukoni mwangu kila mwezi, na sikuandamana kuzidai. Sikuandika hata barua.

Mpangaji wangu wa chumba namba tatu ni wa bodaboda. Hajawahi kuona slipu ya mshahara maishani mwake, na yeye ndiye aliyeongezewa: VAT ya petroli mwaka 2023, kisha Julai 2024 tozo ya kutengeneza barabara ikapanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa kila lita. Watu wa Seme wanasema ushuru ndio unaomtuliza mtu. Mimi mlinituliza kwa kunipunguzia, na huyo mlimwongezea, halafu mnashangaa kwa nini yeye ndiye anayepiga kelele.

Nisimulie habari yake kidogo, maana nadhani ndani yake mna jibu la swali lote.

Asubuhi ya Jumanne, tarehe 25 Juni 2024, alisukuma pikipiki yake hadi ndani ya lango la ploti, akaifunika kwa turubai, kisha akaniletea ufunguo dukani. "Jaduong', nichungie hii. Mkopo wake bado miezi saba." Akafunga bendera ndogo shingoni, akaenda zake kwenye maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha. Nilibaki na ule ufunguo kiganjani. Kijana huyu ana miaka 26. Ana mke, ana mtoto wa chekechea, ana mkopo, na analipa ushuru kila anaposimama kwenye petroli stesheni. Yote mnayosema yatamtuliza, tayari anayo. Na alienda vilevile. Kitu pekee ambacho mali ilimfanyia ni kumfanya aende kwa miguu.

Alirudi jioni macho mekundu kama pilipili, akaomba maji kwanza, ufunguo baadaye. Kesho yake Rais akatangaza kwamba hatatia sahihi Mswada wa Fedha, ule uliokuwa umeanza kwa kutaka VAT ya asilimia 16 kwenye mkate na asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka. Kufikia tarehe 1 Julai Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu watu 39 waliouawa, na hesabu haikuishia hapo. Hao hawatafika umri wa kutulia tunaousubiri.

Mtaniambia kwamba hii ni hasira ya kizazi kimoja, kitu kipya, mambo ya simu na TikTok. Huku kwetu si kipya hata kidogo. Tarehe 23 Desemba 1921 vijana waliosoma shule za misheni, wengi wao Maseno, walikutana Lundha kule Gem. Walianzisha chama walichokiita cha Vijana wa Kavirondo, jina la zamani la Nyanza, Jonathan Okwiri akiwa mwenyekiti. Walilalamikia kodi iliyopandishwa, kipande (kitambulisho cha lazima cha wakoloni), kazi za kulazimishwa, na Kenya kugeuzwa koloni mwaka 1920 bila mtu kuwauliza. Watu wakaliita vuguvugu hilo Piny Owacho: nchi imesema. Gavana Edward Northey akalazimika kuja Nyanza Julai 1922 kuwasikiliza, na kodi iliyokuwa imefika shilingi 16 ikashushwa hadi 12.

Yaliyofuata kiongozi wa Seme angeyapenda sana. Mwaka 1923 Archdeacon W. E. Owen wa misheni ya CMS alikichukua chama kile chini ya kwapa lake, kikabadilishwa jina kikawa Chama cha Maslahi ya Walipa Kodi wa Kavirondo. Wanachama wakaahidi kuchimba vyoo, kuua panya, kupanda miti na kujiepusha na ulevi. Yatazameni hayo majina mawili. Waliingia wakiwa Vijana, wakatoka wakiwa Walipa Kodi, na katikati haikupita hata miaka mitatu. Okwiri mwenyewe baadaye akawa chifu.

Kama mnatafuta hadithi ya kuwapa usingizi, ni hiyo. Sina la kuipunguza. Vyoo ni kitu kizuri, nami nimechimba viwili pale ploti.

Lakini Nyanza hiyohiyo ikamtoa Jaramogi Oginga Odinga. Alikuwa mwalimu wa Maseno, kisha akawa mfanyabiashara; shirika lake la biashara lilisajiliwa 1947. Alikuwa na mali na alikuwa na jina, tena baada ya uhuru akawa Makamu wa Rais. Mwaka 1966, akiwa na miaka kama 55, umri ambao sisi wengine tunaanza kuulizia pensheni, aliacha kiti hicho akaanzisha chama cha upinzani, KPU. Oktoba 1969 yalitokea yale ya siku ya kufunguliwa Hospitali ya Nyanza, ile ambayo mpaka leo tunaiita Russia, watu wakapigwa risasi, naye akawekwa kizuizini. Na mwaka 1991, akikaribia au akiwa ametimiza miaka 80, alikuwa miongoni mwa walioanzisha FORD, vuguvugu la kudai vyama vingi. Umri ulimpata, biashara ilimpata, kodi alilipa. Basi, mheshimiwa, unapowatazama vijana wa leo, unajuaje yupi ni Okwiri na yupi ni Jaramogi? Na hata Okwiri, alitulia baada ya kodi kushushwa na gavana kuja. Hilo nalo huwa linaachwa nje ya hadithi.

Wenzetu wa Uingereza na Marekani wamelipima jambo hili kwa hesabu, kwa sababu wao wana vyama vinavyojulikana waziwazi kuwa vya kihafidhina. Huko ndiko usemi huu ulikopata umaarufu. Wanambandika Churchill maneno kwamba asiyekuwa mwanamapinduzi ujanani hana moyo na asiyekuwa mhafidhina uzeeni hana akili, ingawa hakuna ushahidi kwamba aliwahi kuyasema. Wamarekani walioko sekondari mwaka 1965 walihojiwa, wakafuatwa tena na tena hadi 1997. Watafiti wamegundua kwamba wengi walibaki karibu na pale walipokuwa. Wachache waliohama, wengi wao walielekea upande wa uhafidhina. Kwa hiyo kiongozi wa Seme ana punje ya ukweli, na punje si gunia.

Tazameni Uingereza. Mwaka 2019 kampuni ya kura za maoni ya YouGov ilikadiria kwamba Mwingereza akifika miaka 39 ndipo alipoanza kuelekea kuchagua Conservative kuliko Labour. Katika uchaguzi wa 2024 umri huo ulikuwa umeruka hadi 63. Hakuna mtu anayezeeka miaka 24 ndani ya miaka mitano. Chama kilichokuwa kimetawala miaka 14 kilikuwa kimewachosha, na waliokuwa na miaka arobaini hawakuwa na nyumba walizokuwa nazo wazazi wao katika umri huo. Marekani nako, mwaka 2024 sehemu ya vijana, hasa wa kiume, ilihamia kwa Donald Trump kabla ya kuota mvi hata moja. Basi miaka peke yake haiamui. Mtu anaweza kuhama mapema, kuchelewa, au asihame kabisa, kulingana na anachokiona mezani.

Hapo ndipo naomba niwatolee slipu ya binti yangu. Ameniruhusu, mradi nisitaje anakofanyia kazi.

Ana miaka 25, ni mtaalamu wa maabara katika kliniki moja Kakamega. Mwezi wake wa kwanza alinipigia simu usiku. "Baba, nadhani wamenikosea." Akanitumia picha ya slipu. Mshahara 50,000. NSSF, akiba ya uzeeni, 3,000. Bima ya afya ya SHIF 1,375. Ushuru wa nyumba 750. PAYE, yaani kodi ya mshahara, 5,845 na senti zake. Akabaki na 39,029, na HELB, wale wa mikopo ya wanafunzi, walikuwa bado hawajabisha hodi.

Nilikaa na kalamu nikamfanyia hesabu kama ninavyowafanyia mafundi wanaodhani nimewaibia, na nitakuwa mkweli hapa hata kama ukweli unawasaidia nyinyi. Mwaka 2022 mshahara huohuo ungemwachia kama 41,456. Tofauti ni shilingi 2,400 na kitu. NSSF ilikuwa 200, na hii iliyoongezeka ni akiba yake mwenyewe. Siku moja atawashukuru. PAYE yenyewe imeshuka, sababu mojawapo ikiwa sheria ya Desemba 2024 iliyoruhusu SHIF na ushuru wa nyumba vitolewe kwanza kabla ya kodi kupigwa. Nilimweleza yote hayo. Alinisikiliza, maana tumemlea vizuri. Kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa na kalamu yake.

"Sawa Baba. Wewe ukiuza bati unatoa risiti. Yangu iko wapi?"

Waheshimiwa, nyinyi mmenitia kwenye eTIMS. Fundi akinunua kwangu ndoo ya rangi anadai ankara ya kielektroniki, la sivyo gharama yake haikubaliki kwenye hesabu zenu. Sipingi. Nimejifunza, ingawa mtandao ukipotea foleni yangu hufika kwa muuza omena. Lakini mtu anayeulizwa risiti ya kilo moja ya misumari ana haki ya kuuliza risiti ya SHIF. Mwezi wa tatu tangu aanze kukatwa, binti yangu alikwenda kutibiwa katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Akaambiwa mtambo umelala, alipe taslimu. Akalipa. Hakugombana na mtu. Alirudi nyumbani akaandika kiasi hicho kwenye daftari, chini ya ile 1,375, na amekuwa akiandika tangu hapo. Mkitaka kumwogopa kijana, msimwogope anayechoma tairi. Mwogopeni mwenye daftari.

Kuhusu huo ushuru wa nyumba, Kiswahili chetu kimetuchezea. Mababu zetu walilipa kodi ya nyumba: serikali ya wakoloni ilihesabu vibanda vya boma, kila kibanda kikalipiwa. Leo hapa Kisumu ukisema kodi ya nyumba, mtu anaelewa pesa anazoniletea mimi tarehe tano. Halafu ushuru wa nyumba ndio ile asilimia 1.5 yenu. Binti yangu anailipa ya pili kwa mwenye nyumba wa Kakamega na ya tatu kwenu, na babu yake mkuu aliilipa ya kwanza. Katika hizo nyumba zote yeye hana hata tofali moja. Mkitaka awe mhafidhina, hapo ndipo pa kuanzia. Mwambieni atapata lini, atapataje, na foleni inaenda kwa utaratibu gani. Si kwa tangazo la barabarani lenye picha ya mtu anayepokea ufunguo.

Na msihesabu walipa ushuru kwa slipu peke yake. Kijana ambaye hajawahi kuajiriwa akinunua krediti ya shilingi 20, mna asilimia 15 yenu ya ushuru wa bidhaa humo ndani, na VAT juu yake. Sabuni ina VAT. Akitumiwa pesa na shangazi yake, ada ya kutuma ina ushuru. Robo tatu ya nchi hii wako chini ya miaka 35, sensa ya 2019 ilisema hivyo, na hakuna hata mmoja kati yao anayesubiri kuanza kulipa. Walianza siku waliyotumwa dukani.

Kuna jambo moja linalonishangaza katika maneno haya ya kutulia. Sisi wa 1990 na 1997 tulitaka kubomoa. Tulitaka katiba ile ya zamani iondoke, na tulitaka wakubwa waondoke nayo. Hawa wa sasa wanataka kitu cha kihafidhina kupita kiasi: wanataka yaliyoandikwa yafuatwe. Katiba ilipozinduliwa Agosti 2010 binti yangu alikuwa na miaka 10. Ameikuta kama mtu anavyoikuta nyumba ya baba yake, hajui kulikuwa na uwanja mtupu. Nenda ukawasikilize wakiongea pale chini ya mwembe wa stejini. Watakutajia Kifungu cha 201, kinachosema mzigo wa ushuru ugawanywe kwa haki na matumizi ya pesa za umma yawe wazi. Mwaka 2024 waliusoma Mswada wa Fedha ukurasa kwa ukurasa, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, wakaueleza kwa lugha ya ishara. Mimi sikuwahi kusoma mswada hata mmoja katika ujana wangu. Nilikuwa nasoma upepo unaelekea wapi, nijue gesi itaangukia wapi.

Sisemi wote ni malaika. Wamo waliojiingiza kupora, na hadwea ni mahali pazuri pa kuporwa, kwa hiyo msidhani naandika kwa huruma tu. Wamo wanaowatukana wazee mitandaoni kwa maneno ambayo hata kondakta wa Kondele angeona haya. Na kuna jambo nagombana nao kila siku: uchaguzi wa 2022, wapiga kura wa chini ya miaka 35 walikuwa asilimia 39.84 ya daftari, na idadi yao ilikuwa imepungua ikilinganishwa na 2017. Mpangaji wangu wa chumba namba tatu nilimkatalia kumpunguzia deni la Septemba mpaka aniletee karatasi ya kuonyesha amejiandikisha. Aliileta. Deni pia alilipa, nusu.

Sasa ombi, kabla mteja mwingine hajaingia.

Kila mwaka mnatakiwa kupeleka Mswada wa Fedha bungeni kufikia Aprili 30. Kisha tunaambiwa wananchi watoe maoni. Huku kwetu maoni hayo hutolewa ukumbini, siku ya kazi, saa nne asubuhi. Wa bodaboda yuko barabarani, binti yangu yuko kwenye darubini, mimi niko kwenye mizani. Waliopo ni sisi wazee tuliotulia na wale wanaokuja kwa ajili ya nauli. Mnaondoka mkiandika kwamba Kisumu imesema.

Mwaka huu njooni Jumapili alasiri. Njooni Kibuye, siku ya soko kuu, baada ya makanisa kutoka. Mswada uje wiki tatu mapema, kwa Kiswahili na kwa Dholuo, na ukurasa wa kwanza uwe na mambo mawili tu: nani ameongezewa, nani amepunguziwa. Yule wa vyumba vinane aone jina la kundi lake hapo, na wa pikipiki aone lake, kando kwa kando. Kamishna aje na mtu wa SHIF na mtu wa ushuru wa nyumba, wajibu kuhusu pesa zilizotoka Kisumu zilikokwenda. Binti yangu atapanda matatu ya Kakamega na daftari lake. Wa chumba namba tatu amesema atakuja, ila ameuliza kama pikipiki itakuwa salama siku hiyo, nami nikamwambia ailete tu ndani ya lango.

Hema na viti msijali. Nimeshaongea na mwenye navyo, na nitavilipia kutoka kwa zile shilingi 900.

Wenu,
Mwenye hadwea, Kibuye, Kisumu